Blogu yangu inawapeleka wasomaji kwenye kamari, lakini mimi naiona iko sawa

Mpendwa Mshauri,

Salamu nyingi. Naandika nikiwa na uchungu, na naomba unijibu bila kunificha kitu.

Nina blogu ya WordPress iliyo kwenye seva ninayoilipia mwenyewe, kwa domeni yangu mwenyewe. Naandika kuhusu malezi ya watoto viziwi: namna ya kuanza lugha ya alama nyumbani, namna ya kuzungumza na walimu, utunzaji wa vifaa vya kusikilizia. Wasomaji wangu wengi ni wazazi ambao wameambiwa juzi tu kwamba mtoto wao hasikii, na wanatafuta kwenye Google usiku wakiwa hawajui waanzie wapi.

Mwezi uliopita mama mmoja aliniambia kwamba akibofya makala yangu kwenye Google anapelekwa kwenye ukurasa wa kamari. Nikafungua blogu kwenye kompyuta yangu, iko sawa kabisa. Akaja mwingine na malalamiko yale yale, kisha mwingine. Hatimaye kampuni inayonihifadhia tovuti ikaifungia, ikasema imekuta faili hasidi. Mpwa wangu anayejua mambo ya kompyuta alirudisha nakala ya akiba ya miezi miwili nyuma, akabadilisha nywila yangu, blogu ikafunguliwa. Hazikupita siku nyingi, kamari zikarudi. Sasa kwenye orodha ya watumiaji kuna msimamizi nisiyemfahamu. Nikimfuta, kesho yake yupo tena. Google nayo imeweka onyo chini ya jina la blogu yangu kwamba huenda imedukuliwa.

Kijana aliyenitengenezea blogu aliniwekea templeti ya mwonekano na plagini nyingi, yaani programu ndogo za nyongeza. Baadhi sijui hata kazi yake, na hiyo templeti sijawahi kuilipia.

Kwa nini mimi, mwenye blogu ndogo isiyo na cha kuibwa? Nifute kila kitu nianze upya, au nihamie kwenye huduma ya bure nisihangaike tena? Niwaambie wasomaji au ninyamaze? Na makala nilizoandika katika ile miezi miwili, ambazo hazimo kwenye nakala ya akiba, ndiyo zimekwenda?

Mama Blogu

JIBU

Mama Blogu, pole sana. Kuna jambo la kufanya kabla hata hujamaliza kusoma jibu hili. Iombe kampuni inayokuhifadhia tovuti iweke ukurasa mmoja tu unaosema blogu iko kwenye matengenezo, na ukurasa huo utoe jibu namba 503. Namba hiyo huiambia Google kwamba tovuti imesimama kwa muda, kwa hiyo siku chache za kufungwa hazitakuondoa kwenye matokeo. Mzazi akikuta umefunga, atarudi baadaye. Akipelekwa kwenye kamari, au kwenye ukurasa unaomshawishi apakue programu hasidi kwenye simu, ameumizwa kwa jina lako. Mengine mengi yanaweza kusubiri kesho, hili lisisubiri.

Umeuliza kwa nini wewe. Hakuna aliyekuchagua. Wanaovamia blogu kama yako hawakai kusoma makala zako. Wana programu zinazozunguka kwenye intaneti usiku na mchana, zinapita kila tovuti na kuuliza swali moja: je, hapa kuna plagini fulani ya toleo fulani bovu? Zikiipata, zinaingia zenyewe. Na cha kuibwa unacho. Una makala halali za miaka, una heshima kwa Google, una seva inayoweza kubeba kurasa zao na kutuma barua pepe zao. Tovuti mpya ya kamari ingehangaika sana kupata nafasi kwenye matokeo, kwa hiyo wanapanda mgongoni mwa yako.

Mbona wewe huoni kitu? Kwa sababu msimbo waliouingiza umeandikwa usikuonyeshe. Unamkagua kila anayefungua ukurasa: ametokea Google au ameandika anwani mwenyewe? Anatumia simu? Ana kuki, yaani alama ndogo inayotunzwa na kivinjari chake, inayoonyesha kwamba ameingia kama msimamizi? Mwenye blogu huandika anwani yake moja kwa moja, tena akiwa ameshaingia, basi anaonyeshwa blogu safi. Mgeni wa kutoka Google ndiye anayerushwa. Kwa hiyo kuanzia leo usiipime blogu kwa kuitazama tu. Tumia simu ambayo haijawahi kuingia kwenye akaunti yako, tafuta jina la blogu kwenye Google, ubofye kutoka huko. Kisha andika kwenye Google neno site, nukta mbili na domeni yako bila kuacha nafasi, uone kurasa nyingi za blogu ambazo Google inazijua. Ukikuta vichwa vya kamari, dawa za nguvu au maneno ya Kijapani ambayo hukuyaandika, hizo ni kurasa zao.

Sasa tuje kwenye kiini cha barua yako, yaani kwa nini kamari zilirudi. Mpwa wako alifanya kile ambacho watu wengi hufanya, na kazi yake haikuwa bure. Lakini kurudisha nakala ya miezi miwili nyuma ni kurudisha pia lile tundu lililotumiwa kuingilia, na mara nyingi ni kumrudisha mvamizi mwenyewe, kwa kuwa wavamizi huweza kuingia kimya na kukaa muda mrefu kabla hawajaanza kuharibu. Kubadilisha nywila katika hali hiyo ni kama kubadili kufuli mwizi akiwa darini.

Huyo msimamizi anayefufuka ni ushahidi wa hilo. Kuna msimbo mahali fulani ambao kila ukurasa unapofunguliwa huangalia kama yupo, na kama hayupo humuumba upya. Unaweza kuwa kwenye faili la functions.php la templeti, kwenye kazi iliyopangiwa saa ndani ya WordPress, au ndani ya folda inayoitwa mu-plugins. Folda hii wengi hawaijui. Chochote kilichomo WordPress hukiendesha bila kukuomba ruhusa, na hakionekani pamoja na plagini zako za kawaida. Mahali pengine pa kujificha ni faili lenye mwisho wa .ico, kama kijipicha cha tovuti, kumbe ndani yake ni PHP tupu, lugha ya programu inayoendesha WordPress, inayoitwa na mstari mmoja uliopenyezwa kwenye wp-config.php, faili la mipangilio ya blogu.

Ndiyo maana ushauri wangu ni kwamba usiisafishe blogu. Ijenge upya kuzunguka maandishi yako. Maficho ni mengi mno kuyapekua faili kwa faili, na ukibakiza moja tu umerudi ulipoanzia. Kilicho chako hasa ni kidogo: maneno yako, yaliyo kwenye hifadhidata, na picha zako. WordPress yenyewe, plagini na templeti ni vitu vinavyopatikana vipya na safi. Tupa vyote vinavyopatikana tena, linda visivyopatikana.

Lakini kabla ya kutupa, pakua nakala nzima ya blogu kama ilivyo sasa, pamoja na uchafu wake, uiweke kando bila kuiendesha popote. Omba pia kumbukumbu za seva, yaani rekodi ya kila ombi lililofika kwenye tovuti. Ziombe leo, kwa sababu kampuni nyingi huzifuta baada ya muda mfupi. Humo ndimo mvamizi alimoacha nyayo. Kaa na mpwa wako mtafute mistari inayoanza na POST. Mkikuta kitu kama hiki, simameni hapo:

POST /wp-content/uploads/2022/05/cache.php 200

Uploads ni folda ya picha zako, faili la PHP halina shughuli humo. POST maana yake kuna mtu anayelitumia amri faili hilo, na 200 maana yake seva imeitikia vizuri. Huo ndio mlango wa nyuma. Chukueni jina la faili hilo na anwani ya IP (namba ya kifaa kwenye mtandao) iliyoliita, mrudi nyuma kwenye rekodi mpaka mara ya kwanza kabisa vilipoonekana. Ombi lililotangulia kidogo mara nyingi limeelekezwa kwenye faili la plagini fulani, na plagini hiyo ndiyo iliyomwingiza. Msitegemee tarehe za mafaili peke yake, maana huweza kughushiwa.

Mkishapakua hivyo, geukia kompyuta yako mwenyewe. Kuna virusi kazi yake ni kukomba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, na kama umeambukizwa kila nywila mpya utakayoweka itaondoka vilevile. Ikague, au tumia kifaa unachokiamini. Anza na nywila ya barua pepe, kwa sababu mwenye barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya za huduma zako zote. Kisha akaunti ya kampuni ya seva, FTP (njia ya kupandishia mafaili kwenye seva), hifadhidata, na mahali uliposajili domeni. Kila mahali nywila yake, ndefu, isiyofanana na nyingine, na uthibitishaji wa hatua mbili popote unapokubalika.

Kwenye ujenzi wenyewe, pakueni WordPress mpya kutoka WordPress.org na muiweke mahali patupu. Kama akaunti yako ya seva ina tovuti nyingine ndani yake, hata ile ya majaribio uliyoisahau, nayo itolewe, kwa sababu tovuti chafu huiambukiza jirani yake ndani ya akaunti moja. Faili la wp-config.php liandikwe jipya, msinakili la zamani. Humo kuna funguo za siri 8 ambazo WordPress hutumia kulinda kuki. Mkiweka mpya, kila aliyekuwa ameingia anatolewa nje papo hapo, hata awe na kuki aliyoiiba. Picha ziletwe baada ya kuhakikisha kwamba kwenye folda zake hakuna faili la PHP hata moja wala faili la .htaccess (la maagizo kwa seva) msilolijua.

Hifadhidata ndiyo inayohitaji subira. Kwenye jedwali la wp_users wabaki watu unaowajua tu, na hakikisha barua pepe iliyo kwenye jina lako ni yako kweli. Kwenye wp_options, jedwali la mipangilio, tazameni kama siteurl, home na admin_email zina anwani zako. Halafu tazameni mistari miwili ambayo wengi huiruka: users_can_register, inayoruhusu wageni kujisajili, na default_role, cheo wanachopewa wakijisajili. Mwezi Novemba 2018 plagini moja iliyojulikana, WP GDPR Compliance, ilikutwa na tundu lililowawezesha wavamizi kubadilisha hiyo mistari miwili, hivyo yeyote aliyejisajili akawa msimamizi moja kwa moja. Ikibaki hivyo, hata blogu mpya kabisa itamkaribisha. Mwisho, tafuteni ndani ya wp_posts, jedwali la makala, maneno <script na iframe na display:none, kisha msome kila panapotokea. Makala ikiwa na viungo vilivyofichwa, macho ya msomaji hayataviona, lakini Google itaviona.

Templeti ile isirudi. Nasema hili kwa uzito. Templeti na plagini za kulipia zinazogawiwa bure huko mitaani ni njia kongwe ya kusambaza milango ya nyuma, na hata ikiwa safi haipati masasisho ya mwenyewe. Chukua ya bure iliyo kwenye orodha rasmi ya WordPress.org, ziko nzuri. Plagini nazo, kila moja ijieleze kazi yake. Usiyoijua kazi yake haina nafasi. Na usiishie kuizima, ifute, kwa sababu plagini iliyozimwa mafaili yake bado yapo kwenye seva na bado yanaweza kuitwa kutoka nje.

Ukishafungua, kuna machache ya kuweka imara. Masasisho yajiendeshe yenyewe. WordPress inajisasisha marekebisho madogo tangu toleo 3.7 la mwaka 2013, na tangu toleo 5.5 la Agosti 2020 unaweza kuruhusu hivyo kwa plagini na templeti pia, kwa kubofya tu. Usione ni usumbufu. Mwishoni mwa Januari 2017 WordPress ilitoa toleo 4.7.2 lililoziba tundu kubwa, ikakaa kimya kama wiki moja ili watu wasasishe kabla ya kulitangaza. Lilipotangazwa, tovuti nyingi mno zilizokuwa bado kwenye 4.7.0 na 4.7.1 zilibadilishwa kurasa zake ndani ya siku chache. Siku dawa inapotoka ndiyo siku kila mvamizi anapojua ugonjwa ulipo.

Iombe kampuni izuie PHP kuendeshwa ndani ya folda ya uploads. Ni mistari michache tu kwao, na ingeufanya ule mlango wa cache.php uwe faili lisilo na maana. Ongeza kwenye wp-config.php agizo la DISALLOW_FILE_EDIT ili hata aliyeiba nywila yako asiweze kuhariri msimbo kupitia ukurasa wa usimamizi. Ruhusa za mafaili ziwe 644 na za folda 755, isiwepo 777 popote, maana hiyo humruhusu yeyote kuandika. Kama hutumii programu ya simu kuandikia blogu wala plagini inayoihitaji, ziba xmlrpc.php, faili linalopokea programu za nje, maana hupendwa na wanaobahatisha nywila. Na kazi yako ya kila siku ya kuandika ifanye kwa akaunti yenye cheo cha mhariri, ile ya usimamizi uiguse tu unapofanya matengenezo. Plagini za ulinzi kama Wordfence zinasaidia, ila nimeona watu wakiziweka kisha wakaacha kusasisha kila kitu kingine, na hapo haziwafai kitu.

Nakala za akiba ziwe nje ya seva, kwa sababu aliyeingia kwenye seva anazifuta au anazichafua pamoja na blogu. Tunza za tarehe mbalimbali, za wiki na za miezi, na mara mojamoja jaribu kuirudisha mojawapo mahali pa majaribio. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa huwezi kuitegemea.

Kuhusu Google, ingia kwenye Search Console, huduma yake kwa wenye tovuti, na uanzie kwenye orodha ya wamiliki. Wavamizi hujisajili humo kama wamiliki wa tovuti yako kwa kupandisha faili dogo la uthibitisho, ili waipeleke Google kwenye kurasa zao. Waondoe, na faili hilo uliondoe, la sivyo uthibitisho unabaki. Kurasa za kamari zitoe jibu 404 au 410, yaani ukurasa haupo, na ramani ya tovuti (orodha ya kurasa unayoipa Google) iwe na makala zako tu. Hapo ndipo ufungue sehemu ya masuala ya usalama, uombe ukaguzi, ueleze kwa ufupi tundu lilikuwa wapi na mmefanya nini. Usiombe kabla ya kumaliza. Ukaguzi unaweza kuchukua siku kadhaa au hata wiki, na ombi lililokataliwa linakurudisha nyuma. Kurasa zao zitaendelea kuonekana kwenye utafutaji kwa muda, hilo ni la kawaida.

Wasomaji waambie, tena mapema. Taja tangu lini, nini kilitokea kwa waliobofya, na wafanye nini: kama walipakua chochote wakifute na wakague simu, kama waliandika nywila au namba za kadi kwenye ukurasa uliofunguka wabadilishe na waiarifu benki. Kumbuka kwamba kila aliyewahi kukuandikia maoni aliacha jina, barua pepe na anwani ya IP kwenye hifadhidata yako. Nchi nyingi zina sheria ya kulinda taarifa binafsi, na baadhi zinaweka muda wa kutoa taarifa. Kwa Umoja wa Ulaya, kwa mfano, mamlaka hupaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 pale tukio linapohatarisha haki za wahusika. Soma ya kwako. Wazazi waliokuamini na habari za watoto wao wanastahili kuisikia habari hii kutoka kwako.

Kuhamia kwenye huduma inayokulindia kila kitu si aibu hata kidogo. Kama unaona hutapata walau saa moja kila mwezi ya kukagua masasisho na nakala, hamia, ila uhame na domeni yako ili anwani ya makala zako isife. Kama unaupenda uhuru ulio nao, baki, kwa kuwa haya yote yako ndani ya uwezo wako na mpwa wako. Mkiona yamewashinda, mtafute fundi wa kulipa, na umuulize swali moja kabla hajaanza: utanionyesha alipoingilia? Anayejibu kwamba hilo halina haja, mwache.

Makala za miezi miwili usizikatie tamaa. Iulize kampuni kama ina nakala zake yenyewe za tarehe kabla ya mpwa wako kurudisha ile ya zamani. Kwa kawaida huwa nazo, lakini huzifuta kwa zamu, kwa hiyo uliza leo hii pamoja na ombi la kumbukumbu za seva. Hapa unachotaka ni maandishi tu: chomoeni makala ndani ya hifadhidata yake, msirudishe nakala nzima. Wakikosa, fungua Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani kwenye archive.org, uandike anwani ya blogu, huenda kurasa zako zilinaswa. Waliojiandikisha kupata makala kwa barua pepe bado wanazo kwenye masanduku yao, waombe wakurudishie. Utakazozipata zinakili kama maandishi matupu, mpangilio wake uuweke upya kwa mkono ndani ya blogu mpya.